Mkaguzi aliyekuja kibanjani kwa Mama

Jumamosi. Mvua ilianza kabla hatujaamka na imekatika sasa hivi, ghafla, kama kawaida yake hapa Bukoba. Mtaa mzima wa Bilele unanukia udongo. Nina furaha ya kijinga tangu asubuhi, na kwa kuwa Mama amejilaza na sina mwingine wa kumchosha, nitakuchosha wewe.

Nianze na hasira, maana furaha ya leo imetoka humo.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua kwamba Mama alivunjika mguu, na alipotoka hospitali nilimchukua kutoka kijijini kwetu, karibu na Rubya, nikamleta kwangu. Daktari amemkataza kushika jembe mpaka mguu ukae sawa. Mwanamke aliyeamkia migomba maisha yake yote, sasa anaamkia dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wiki ya kwanza alikuwa mpole mno, akikubali kila ninachomwambia. Mama yangu si mpole. Niliogopa.

Ndipo nikamfungulia ule mji wa mtandaoni ninaopotezea muda wangu. Ni mji wa kuchorwa: unapewa kiwanja, unajenga, unapanda maua, na mtu wako wa kuchorwa anatembea barabarani akisalimiana na watu wa nchi za mbali. Nilidhani atautazama kidogo achoke. Aliniomba kishikwambi na hajakirudisha mpaka leo.

Maua hakuyagusa. Alipanda migomba. Aliizungusha nyumba yote, akaweka mibuni chini yake na maharage katikati, akaacha kinjia chembamba cha kuingilia, kibanja kamili kama cha kwetu kijijini. Alipokosa nyasi za kutandaza kwenye duka la mji ule, alichukua mazulia ya kahawia, yale ya sebuleni, akayatandika chini ya migomba shamba zima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nimewahi kuona kibanja cha mtu mwenye akili kikiachwa uchi.

Kaka yangu Deo ananunua dagaa kisiwani Goziba, ambako hufiki wala huondoki bila boti, na kuja kwake nyumbani ni kwa kubahatisha. Naye akaanza kuingia jioni, mtandao wa kisiwani ukimruhusu. Mama anapita akikagua mikungu, Deo anamfuata nyuma, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda na simu yangu. Tangu tumekuwa watu wazima hatujawahi kukaa watatu pamoja kiasi hicho. Mama akaanza tena kunigombeza kuhusu chumvi kwenye mboga, na mimi nikamshukuru Mungu.

Halafu likaja onyo.

Kiwanja chenu kimeonekana kutelekezwa, lilisema. Hakuna makazi yanayoonekana kutoka barabarani. Mimea imeota bila mpangilio. Kitasafishwa Jumapili. Kusafisha, kwa lugha yao, ni kufyeka kila kitu na kumpa mtu mwingine kiwanja. Huku kwetu, migomba ikishaimeza nyumba, majirani wanajua hapo pana mtu anayejituma. Roboti yao ilipita barabarani ikaona pori.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: mimi ni mteja wa thamani sana, nipunguze mimea. Nikaeleza kwamba haipunguziki, kwamba ni ya mama yangu, kwamba nyumba ipo. Wakajibu kwamba wamefurahi kutatua tatizo langu, wakaniomba niwape nyota. Nikaandika tena, wakafunga tena lalamiko, wakaomba nyota tena.

Nikajitia ujanja. Nikasimamisha kibao njiani: nyumba iko humu ndani, nyuma ya migomba. Nikapata onyo la pili, la kuweka tangazo la biashara bila kibali. Walipokuwa wanaangalia kibao wakayaona mazulia, likaja la tatu, la kutupa samani nje. Mimi si mtu wa matusi, lakini Jumatano nilitukana, kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Roboti ikanishukuru kwa maoni mazuri.

Nilipopendekeza tufyeke mstari wa mbele tu, ule wa barabarani, Mama alinitazama kwa namna iliyonipeleka kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa.

Niliishiwa. Jumapili ilikuwa inakuja, na nilikuwa naiona ile wiki ya upole inarudi.

Alhamisi Mama akaniuliza ninagombana na nani kwenye simu. Nikamweleza. Akauliza kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia ndani. Nikasema hapana, wanapita tu barabarani. Akaona hapo ndipo kosa lilipo, na kosa ni letu: tunawalalamikia watu ambao hatujawakaribisha. Akanitajia maneno ya kuandika: Hatulalamiki. Tunawaalika nyumbani Jumamosi asubuhi, mguu wangu hauniruhusu kuja kuwapokea njiani, mtanisamehe.

Nikatuma nikijua ni upuuzi. Lakini roboti ina majibu ya malalamiko, ina majibu ya malipo na ya watu waliosahau nywila. Ya mwaliko haina. Kwa mara ya kwanza ilikaa kimya. Jana jioni tukapata ujumbe mfupi, bila neno thamani hata moja ndani yake: mkaguzi atakuja.

Basi leo Mama ameamka akavaa kitenge kipya na kujifunga kilemba, ingawa mgeni hawezi kumwona. Mimi nilikuwa nimetengeneza kikapu kidogo cha kuchorwa na punje za kahawa ndani, zile kavu za kutafuna, maana Mama alisema mgeni hapokelewi mikono mitupu.

Akaja. Msichana wa kuchorwa mwenye koti la bluu, amesimama barabarani, maneno yake yakitafsiriwa na mashine kwa Kiswahili kigumu kama cha tangazo la serikali. Alisema anatafuta muundo wa makazi. Mama akamwambia afuate njia. Akaingia. Tulimwona akipotea kati ya migomba, akatokea kwenye maharage, akapotea tena, na hatimaye akatokea uani, mbele ya mlango, karibu na kiti tulichomwekea. Alisimama pale muda mrefu. Nikadhani mtandao umekatika.

Deo ndiye aliyekatika. Kwa mtandao wa Goziba alitokea hana kichwa, kijivu mwili mzima, akasimama karibu na mgeni akiwa amenyoosha mkono. Mama akamtambulisha bila aibu, kwamba ni mwanawe, anafanya kazi kisiwani, na kichwa kitafika baadaye. Mkaguzi akampa mkono.

Akapewa kahawa. Akauliza kama ni dawa. Mama akamweleza kwamba ni za kumtuliza mtu aliyetoka safari, na kwa kuwa watu wa kuchorwa hawana meno, azishike tu. Akazishika mpaka mwisho. Niliona hilo, na hasira yangu yote ya wiki ikaniponyoka.

Kisha akauliza alichotumwa kuuliza: kwa nini nyumba imefichwa.

"Hatujaificha, mwanangu," Mama akasema. "Inayoonekana kutoka barabarani ni duka. Nyumbani kwa mtu unaingia."

Mashine ilichukua muda kuyatafsiri hayo. Mkaguzi akageuka akaitazama njia aliyokuja nayo. Halafu akaomba, kama Mama hana kazi nyingine, amzungushe. Mama hakuwa na kazi nyingine. Alimzungusha mgomba kwa mgomba, wa kupika huu, wa kuivisha ule, wa pombe ule pale, akamweleza hata mazulia, na mkaguzi alikuwa anauliza maswali ambayo mimi sijawahi kumuuliza Mama maisha yangu yote. Deo alipata kichwa katikati ya matembezi. Nilicheka na machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Majibu yameingia mvua ilipokatika. Maonyo yote matatu yamefutwa. Kwenye nafasi ya maelezo ya mkaguzi kulikuwa na maneno mawili: wenyeji wapo.

Nilimsomea Mama. Akataka nirudie. Akaunyoosha mguu wake juu ya stuli, kisha akasema niandike jibu kabla hajalala. Nikamwambia lalamiko limeshafungwa, kilichobaki ni kile kisanduku cha nyota, na sidhani kama kuna mtu anayekisoma.

"Andika hapo hapo," akasema. "Mwambie siku nyingine asije kukagua. Aje kutembea."

Nimeandika. Nimewapa na nyota zao zote. Kesho ni Jumapili, na kibanja kipo.