Aliyechana Kitabu cha Baba

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Nimerudi kutoka stesheni na njaa. Baba kaziba mlango tena. Anakaa kizingitini panapoingia mwanga, kitabu cha upelelezi kimegusa pua, na kila anayeingia ndani inabidi amruke. Leo nimemruka vibaya nikapiga teke ndoo ya mke wangu, Mama Filo. Mtu wa umri wangu, na hili tumbo, hakuumbwa kuruka wazee.

Nimemwambia kwa mara nyingine twende hospitali ya misheni akapimwe macho.

"Macho yangu mazima. Wachapaji wa siku hizi wanabania wino."

Nimechoka naye.

Jumatano, 6 Agosti
Chakula chote cha jioni ni kitabu. Tajiri kauawa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani. Baba anamshuku mpishi. Mama Filo anamshuku mke wa marehemu. Mimi simshuku mtu, nataka mchuzi.

Hajabadilika tangu alipokuwa anafanya kazi mgodini. Kule wazungu waliwaonyesha sinema, naye akija nyumbani alitusimulia picha nzima, akianguka chini kila jambazi alipopigwa ngumi. Marehemu mama alisema kaolewa na wanaume kumi. Hata sasa gari la sinema likifika uwanjani, Baba ndiye mkalimani wa mtaa wetu mzima wa Majengo. Kiingereza chake ni matusi ya mgodini tu. Lakini picha anaieleza mpaka mwisho, na watu wanaridhika.

Linakuja Jumamosi. Atakuwa hashikiki.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa. Kurasa za mwisho hazipo. Mpelelezi kawakusanya wote sebuleni, anafungua mdomo, halafu jalada. Zimechanwa.

Baba kaanza upelelezi na mimi. Nilikuwa wapi jana jioni? Stesheni, Baba, nakata tiketi. Shahidi? Abiria wote wa Tabora.

Kisha kamgeukia mke wangu. "Mama Filo, moto wa asubuhi uliuwashia nini?"

"Mabua, Baba."

"Mabua peke yake?"

Mama Filo kaweka mwiko chini. Sasa anafunga nguo zake, kesho anakwenda kwao Magamba. Nimewakasirikia wote wawili. Na kitabu chenyewe si chetu, nilikiazima kwa gadi wa treni.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama Filo kaondoka. Nimepika mwenyewe. Ugali una madonge, na Baba kaula bila kulalamika. Dalili mbaya.

Baadaye nimefagia kizingitini. Baba anasokota tumbaku yake kwa gazeti. Analichana vipande mapema na kuviweka kwenye kopo la maziwa. Kopo limeanguka, nikaviokota. Si gazeti. Kipande kimoja kina namba ya ukurasa. Kingine kina jina la mpishi.

Nimekaa chini na ufagio mkononi. Karatasi ya vitabu hivi ni laini kama ya gazeti, vidole haviwezi kutofautisha. Macho ndiyo yanatofautisha.

Nimempelekea. Kavisogeza puani kimoja kimoja. Kisha kasema, "Basi muuaji nimeshamvuta."

Sikucheka. Yeye pia hakucheka.

Jioni gari la sinema limefika. Watu wamekuja kumwita. Kawaambia mgongo unauma, kalala. Nimeogopa.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa tumekwenda Magamba, Baba kashika bega langu njia nzima akidai ananisindikiza. Mama Filo alikuwa anapepeta mchele kwa mama yake.

"Mama Filo," Baba kasema, "mhalifu kapatikana. Ndiye huyu mbele yako. Nisamehe."

"Nilimjua tangu juzi, Baba. Niliona kipande kwenye majivu yako."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nitamwambiaje baba mkwe kwamba haoni? Nikaona bora nije kwa mama."

Mimi naishi nao nyumba moja na sikujua chochote. Ningekuwa mpelelezi, wauaji wote wangekufa kwa uzee.

Mama Filo karudi nasi. Baba kasema mwenyewe kwamba hospitali atakwenda.

Jumatano, 13 Agosti
Tumetoka misheni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anayepasua atakuja mwezi ujao. Aliyempima akauliza kama Baba anasoma. Baba kajibu, "Nawasubiri ninyi." Gadi naye kasamehe, ila mwisho wa kitabu hakumbuki. Mtu wa ajabu.

Jumamosi, 16 Agosti
Gari la sinema limepita tena likirudi. Tumemweka Baba mbele, mimi kushoto, Mama Filo kulia. Mimi namnong'oneza, yeye anautangazia uwanja.

"Sasa?"

"Anafungua mlango."

"Nani?"

"Mwenye kofia."

Picha ikiwa katikati kaniinamia. "Huyo wa kofia ndiye muuaji. Usiwaambie."

Tumerudi nyumbani, koo limenikauka kwa kunong'ona. Mama Filo kaniwekea chai na kwenda kulala.

Na muuaji kweli alikuwa ni wa kofia.