Mafuta ya Nywele Yaliyosomewa

Bulla Iftin,
Garissa.

Kwa dada yangu mpendwa Idman,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mtoto wetu Hamze, na kwamba baridi ya huko Uswidi imepunguza ukali. Sisi hapa alhamdulillah. Hooyo mama yetu hajambo, ila magoti yanamsumbua asubuhi, na joto la mwezi huu limetufanya sote tuwe wakali wa maneno.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya sauti kwenye simu. Lakini abaayo, dada yangu, unaijua simu ya nyumba hii. Kila ujumbe unaoingia, binti yangu Filsan anaufungua kwa sauti ya juu ili bibi yake asikie, na ukiwa wa maandishi anamsomea. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili chetu cha shule, ambacho hooyo hakijui, na nitampa Duale anayesafiri kuja huko Alhamisi akukabidhi mkononi. Hooyo ameniuliza naandika nini, nikamwambia ni orodha ya vitu vya saluni. Huo si uongo wangu wa kwanza, kama utakavyoona.

Jumanne ujumbe wako ulifunguliwa mbele ya watu. Ulisema nywele zimerudi hadi zinafunika masikio, kwamba ni kazi ya mafuta ya hooyo, na kwamba tangu mwezi uanze umeacha vidonge vya tezi ya shingo ulivyopewa na daktari. Hooyo akapiga vigelegele. Jirani yetu Maka akaja na kanga begani kuuliza nani ameolewa. Mimi nilikuwa namsuka mteja hapo chumba cha mbele, kitana kikanidondoka. Tangu siku hiyo nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia hooyo, na zaidi ya wote nimejikasirikia mwenyewe. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Unakumbuka nilivyojiandaa kuja kukutunza ulipojifungua. Hapa kwetu mtu akisikika tu anasafiri, sanduku si lake tena. Maka alileta kilo tatu za qasil ya kuoshea nywele kwa ajili ya mwanawe aliye huko, unga wa kijani mtupu, umefungwa kwenye mfuko wa sukari bila hata jina. Mwingine akaleta hina. Mwingine akaleta makopo sita ya jeli ya nywele, kana kwamba huko hakuna maduka. Nikamwambia yule wa jeli kwamba sanduku lina mwisho wake, akanijibu kuwa jeli ni maji tu, haina uzito. Ikabidi tulipeleke sanduku buchani kwa Issack, akalitundika kwenye kulabu ya mizani yake ya nyama. Lilizidi kilo nne. Nikatoa nguo zangu. Nilisafiri kwenda kwenye theluji na diraa mbili na sanduku linalonuka mbuzi.

Mimi ni mtu wa saluni, abaayo. Vitu vya nywele navijua. Kila kopo nililifunga kwa selotepu, nikalivalisha mfuko, nikalizungushia taulo, yote ndani ya sanduku kubwa, kwa sababu mkononi hawaruhusu chupa ya mililita zaidi ya mia. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Kisha hooyo akaja na chupa yake. Ilikuwa nusu lita, mafuta ya simsim aliyoyachemsha na habasoda na uwatu siku mbili, halafu akampelekea maalimu akayasomea Kurani tangu alasiri hadi magharibi. Nikataka kuyaweka katikati ya taulo. Akanikataza. Akasema mafuta yaliyosomewa hayalazwi chini ya viatu vya watu, nitayabeba kifuani kama mtoto. Nikamweleza sheria ya mililita. Akaniuliza hiyo sheria imeandikwa na nani, na kama huyo mtu ana binti anayepoteza nywele. Nikajaribu kumweleza tena, akageukia ukutani. Unajua hooyo akigeukia ukutani mambo yameisha. Nikaweka chupa kwenye mkoba wa mkononi, huku najua.

Pale Nairobi qasil ilipita, jeli ikapita, hina ikapita. Sanduku lilishakwenda zake nilipofika kwenye ukaguzi na mkoba wangu ukatolewa pembeni. Dada mkaguzi hakuwa mbaya. Alifungua kizibo, akanusa, akasema yananukia vizuri lakini hayawezi kupanda. Nilimsihi. Nilimwambia ni ya mgonjwa, nikamwambia yamesomewa. Akasema na yeye mama yake yuko hivyo hivyo, lakini kazi ni kazi. Nikamwomba basi asiyatupe kwenye pipa. Akayaweka juu ya meza, kati ya chupa za maji na manukato ya watu, na nilipogeuka mara ya mwisho bado yalikuwa pale.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Ulinipokea ukivua mtandio palepale mlangoni kunionyesha kichwa chako, ukauliza mafuta ya hooyo yako wapi. Kile kichwa kilinitoa akili. Nikasema yako chini kabisa sandukuni, nitayatoa kesho. Kesho yake ulipokwenda kliniki na mtoto, nilichukua chupa tupu chini ya sinki lako, nikaijaza mafuta ya alizeti uliyokuwa ukikaangia sambusa, nikatia karafuu saba. Hayo ndiyo unayopaka. Hayakutoka Garissa, hayakuguswa na mkono wa hooyo, hayakusomewa lolote isipokuwa bismillahi niliyoitoa kwa woga.

Nilidhani nakupa moyo tu, maana vidonge ulikuwa unameza na daktari anakuona. Sikujua kwamba siku moja utayachagua mafuta ya sambusa uache dawa. Idman, nywele zako zimerudishwa na Mungu kwa vidonge. Na katika ujumbe huohuo ulisema unasikia baridi hata ndani ya blanketi, na kwamba unachoka hadi unashindwa kumwinua Hamze, ukasema ni kunyonyesha. Si kunyonyesha. Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoanza mara ya kwanza.

Dua ya hooyo iko palepale, haikubaki mezani Nairobi, na hooyo mwenyewe hajawahi kumkataza mtu dawa. Mwambie au usimwambie, hilo nakuachia, nami nitakaa mbele yake nikasirikiwe. Ameshaanza kuchemsha chupa nyingine kwa ajili ya mwana wa Maka.

Msalimie sana shemeji, mbusu Hamze shingoni kwa niaba yangu. Filsan anakusalimu, Maka anakusalimu, na hooyo anakuombea kila swala.

Ukimaliza kusoma hapa, usinipigie kwanza. Inuka ukameze kidonge, mpigie daktari umwambie umekosa siku ngapi, ndipo unitukane. Simu nitaiweka mbali na Filsan.

Mdogo wako aliyekudanganya,
Osob