Ngano Iliyochutama

4 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo? Na kazi yenu ya mbegu, yaendaje? Mimi mzima kama chuma cha reli. Mama yako kifua bado kinamsumbua, ila uji anakunywa.

Shamba la mama yako nalilinda mwenyewe, lakini hii mbegu fupi uliyotuletea imenitia aibu. Ngano inaishia magotini! Fundi baiskeli kapita, kaniuliza, "Mzee, ngano yako imechutama, inatafuta nini?" Aniulize mimi, niliyewahi kulima mtama mrefu hadi kunguru wakawa wanapumzika katikati kabla ya kufika kileleni!

Unakumbuka nilivyokutembelea kazini, ukanionyesha ule mmea mfupi uliotiliwa homoni ukachomoka kama twiga? Chupa ya homoni ile ninayo. Usiniulize iliingiaje mfukoni. Kesho nanyunyiza.

Mjomba wako, Jogoo la Shamba

12 Aprili

Shikamoo mjomba,

Mimi sijambo, ila barua yako imenikosesha raha. Tafadhali usinyunyize! Ufupi ule si ugonjwa. Ngano ya aina hii haijitengenezei homoni ya kutosha, ndiyo maana shina linabaki fupi na nene, likaweza kubeba suke zito. Ukiiongezea homoni itarefuka kweli, lakini itakuwa nyembamba. Mvua moja tu na yote iko chini. Na hicho ndicho chakula cha mama cha mwaka mzima, mjomba. Nijibu upesi.

Binti yako

2 Mei

Mpwa wangu,

Kwema huko? Barua yako imekuta kazi imekwisha, na ungeiona ngano! Nikiingia ndani yake inaonekana kofia tu. Fundi baiskeli kafunga mdomo. Mama yako ananiuliza, "Kaka, mbona mashina yanatetemeka hata akipita kuku?" Nikamwambia hiyo ni furaha.

Mjomba wako, Jogoo la Shamba

9 Mei

Shikamoo mjomba,

Mama anaendeleaje? Wanasema mvua kubwa inakuja huko. Pigeni vigingi, mzungushe kamba. Nakuomba mama asitoke nje.

Binti yako

28 Mei

Mpwa wangu,

Natumaini wewe u mzima. Sisi hivyo hivyo.

Upepo uliokuja na mvua ile ungeangusha hata mnara, mtu asikudanganye. Ngano yote imelala. Masuke yako matopeni, mengine yameanza kuota humo humo. Mama yako kachana shuka lake vipande vipande. Anainua shina, analifunga kwenye kijiti, likianguka analirudia. Anakohoa, na ndani hataki kuingia. Mimi haniulizi kitu. Afadhali angenitukana.

Jana fundi baiskeli alipita. Nikangoja acheke. Akavua viatu, akaingia kwenye tope, akaanza kumshikia vijiti. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, kofia mkononi.

Njoo, mwanangu. Usijibu kwa barua.

Mjomba