Uzi wa Kijani wa Sweta ya Tata

Alhamisi, mwezi wa saba, 1971. Mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba.

Kilima cha ng'ambo sijakiona tangu asubuhi. Ukungu umekalia mashamba ya chai na hautaki kuondoka. Mtoto mdogo amelala mgongoni mwangu, dada yake Kemunto amelala mkekani na ganda la ndizi mkononi. Nimepata nafasi ya kuandika, sijui ni ndefu kiasi gani.

Nimechoka. Nimechoka vile mtu huchoka na bado anatembea.

Nataka kuandika habari ya sweta kabla sijaanza kujidanganya kuihusu.

Sindano zangu za kufumia ni spoku za baiskeli. Mume wangu alizisugua kwenye jiwe zikapata ncha, halafu akarudi Kericho kwenye kazi yake. Zikigongana zinatoa sauti ndogo, tik, tik, na mtoto akiisikia analala. Mimi pia nusu yangu hulala. Mikono inafuma, kichwa kinatembea. Kinarudi darasa la saba kwa mwalimu wetu wa ushonaji, aliyetupiga vidole kwa rula tukivuta uzi sana. Kinapita soko la Nyaramba. Kinafika mahali nisipopajua, pana jua, na watoto wote wameshanawa. Nikizinduka nakuta nimeongeza mistari kumi, wala sikumbuki hata mmoja.

Ndivyo nilivyofuma sweta ya tata. Tata ni baba, kwa lugha yetu, na mimi baba mkwe wangu namwita hivyo. Huingia kwenye chai yake alfajiri, umande ukiwa bado mzito, akiwa na koti lililochanika kwapani. Kikohozi chake nakisikia kutoka jikoni kwangu. Mwezi wa sita kilikuwa cha asubuhi tu. Mwezi huu kikawa cha kutwa, na akikohoa anashika mti wa ua kwanza, ndipo anaendelea kutembea.

Kumpima mimi siwezi. Hata mkono simpi. Kati ya mkwe na mkwe kuna chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana aibu: yeye haingii nyumbani kwangu, mimi sikai alipokaa, na neno la mwili halitajwi tukiwa wote wawili. Mama mkwe ndiye aliyempima kwa kamba ya mgomba. Alifunga fundo moja la kifua na mawili ya mkono, akaniletea kamba imekunjwa kiganjani kama ugoro.

Uzi ndio haukuwepo. Dukani Nyaramba ulikuwepo wa waridi tu, wa watoto wachanga. Nikaitoa sweta yangu ya kijani, ile niliyokuja nayo hapa siku ya kuolewa. Baada ya watoto wawili haifungi tena kifuani. Niliifumua jioni tatu, nikauzungusha uzi kwenye miguu ya kigoda, nikaufua, nikauanika na jiwe limefungwa chini ili mikunjo inyooke. Ulipokauka ulikuwa uzi tu. Nasema kweli. Machoni pangu ulikuwa uzi mpya kabisa.

Jumatatu mama mkwe alimpelekea. Alivaa. Jumanne alivaa. Jana jioni alisimama nje kwenye ua, akakohoa kidogo, kile kikohozi cha kubisha hodi wala si kile kingine, akasema:

"Kemunto, mwambie mama yako baridi ya leo imenitafuta, haikuniona."

Kemunto ana miaka miwili na nusu. Alimjibu, "Ndizi." Lakini mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia kila neno. Ndivyo tata anavyozungumza nami, kupitia mtoto ambaye hajui kufikisha ujumbe. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa kazi nyingine yoyote ya mikono yangu.

Leo asubuhi akaja Moraa.

Moraa ni dada ya mume wangu, ameolewa Birongo, na akija huanza kutazama sufuria zangu kabla ya kunisalimu. Aliketi, akachukua mtoto, akaniambia nimekonda kama kuni. Halafu akasema amempita baba yake kwenye chai, amependeza kama mwalimu mkuu.

"Uzi mzuri vile umeutoa wapi, wewe? Kisii?"

Nilijibu bila kufikiri. Hata nilijisifu. "Nimefumua sweta yangu."

Mkono wake ulisimama juu ya kichwa cha mtoto.

"Ipi? Ile ya kijani?"

"Ile. Hainitoshi tena."

"Ng'ina Kemunto," akasema polepole. Mama Kemunto, yaani. Akiwa na hasira huwa haniiti hivyo, kwa hiyo nilijua ni zaidi ya hasira. "Umemvalisha baba yangu nguo yako?"

"Si nguo, Moraa. Ni uzi. Nimeufua."

"Umefua nini? Ile sweta ulinyonyeshea Kemunto. Nimeiona kwa macho yangu imelowa maziwa hapa na hapa." Akajigusa kifuani, kushoto na kulia. "Sasa hapa na hapa ni kifua cha tata. Huko shuleni walikufundisha kusoma wakasahau kukufundisha nini?"

Nilitazama moto. Lile jambo ambalo kwa wiki mbili mikono yangu ilikuwa ikilifanya bila mimi likasimama mbele yangu.

"Jumamosi, siku ya Sabato, ataivaa kanisani," Moraa akasema. "Wanawake wa pale wanaijua rangi ile, walikusindikiza ukiwa umeivaa. Mimi sitasema. Lakini usingoje waseme wao." Akanirudishia mtoto, akaniachia mkungu wa ndizi mlangoni, akaenda zake.

Nilikaa.

Nakiri hapa kwa kuwa hakuna mwingine nyumbani anayesoma Kiswahili: nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria sana. Nikinyamaza, tata anapata joto. Nikisema, anaivua, na koti lake limechanika kwapani, na baridi ya Agosti bado haijafika. Kwani uzi una mdomo? Nilijiambia hivyo nikimenya ndizi, nikajiambia tena nikiosha nepi. Nikaona hata ndoto ya kitoto: sweta zote za Nyamira zinafumuka zenyewe, nyuzi zinapita juu ya chai ndani ya ukungu, zinachanganyika, na jioni kila mtu anavaa asichokijua, na hakuna anayeona aibu.

Halafu nikafikiria chakula chake. Kila jioni mimi ndiye ninayepika anachokula. Ningempikiaje mtu ninayemficha jambo la mwili wake mwenyewe?

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikamshika Kemunto mkono, nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa anabangua maharagwe. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia.

Hakunitazama. Aliendelea kubangua mpaka akamaliza ganda lile.

"Nani mwingine anajua?"

"Moraa."

"Basi Birongo yote inajua." Akatupa ganda. "Ungeninyamazia hata mimi, ningejuaje? Macho yangu haya, kijani na buluu ni kitu kimoja."

"Ningenyamaza, mama, nisingeweza kumpikia."

Hapo akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kwa mwanamke ambaye hutazama kazi yake tu. Akasema ni kosa. Hakulipunguza. Akasema kama ningemuuliza kabla ya kufumua angenikataza, na kwamba mtu aliyesoma huuliza zaidi, siyo kidogo. Nilisema ndiyo, mama. Sikujitetea. Ilikuwa kweli.

Tata alikuwa amerudi kula, yuko nje ananawa, na sweta ilikuwa imetandazwa kwenye kamba karibu na moto, kwa kuwa umande ulikuwa umeilowesha. Mama mkwe akainuka, akaigusa kama imekauka, akaivaa. Juu ya gauni lake, hivi hivi. Mikono ikapita vidole vyake, chini ikafika magotini. Akakunja mikono mara tatu, akarudi kwenye maharagwe.

"Ya mke wa mwanangu naivaa mimi," akasema. "Nani atanishtaki? Nikiivaa ni yangu. Na mimi na huyu mzee tumevaliana nguo tangu kabla hujazaliwa."

"Kwa hiyo baadaye anaweza..."

"Baadaye ni baadaye. Kanisani Jumamosi naenda nayo mimi. Waulize wanachotaka."

Sijui kama mila inakubali njia hiyo. Nadhani hata yeye hajui, alikuwa anaitunga huku anabangua. Nilitoka haraka kwa kuwa nilisikia hatua za tata. Nikiwa nyuma ya ghala nikasikia sauti yake, na nilijua Kemunto amebaki mlangoni.

"Kemunto, mwulize nyanya yako ni nani amempa sweta yangu."

"Kemunto," akajibu mama mkwe, "mwambie babu yako nimesikia baridi. Na asiulize habari za wanawake."

Halafu tata akacheka, kicheko kile cha chini, kikaishia kwenye kikohozi. Aliuliza tena? Hapana. Nadhani alielewa. Mtu akiambiwa asiulize habari za wanawake, hapa kwetu, ameshaambiwa nyingi.

Alitoka na koti lake, akarudi kwenye chai. Nilimwona akiingia ukunguni, mabega kwanza, kisha kapu la chai mgongoni.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo alasiri hii. Sijafukuzwa wala kutukanwa. Nimekosea kwa upendo, na nimegundua kwamba upendo haunifanyi nisiwe nimekosea. Wiki ijayo Moraa anakwenda Kisii. Nitampa ujumbe aniletee uzi mpya, wa rangi yoyote isiyokuwa kijani, nianze upya kutoka kitanzi cha kwanza, hata kama mkono mmoja utakuwa unamshika mtoto. Wala sitaona haya kumwomba, ingawa atanisema njia nzima.

Lakini sweta nzima ni wiki mbili, nikilala kidogo. Namsikia tata akikohoa sasa hivi kutoka kwenye chai. Kimoja. Viwili. Ananyamaza, ameshika kitu.

Mama mkwe anaivaa ile ya kijani anapobangua, anapochota maji, anapoomba. Huenda ataifanya iwe yake, aweze kumrudishia tata, kabla sijamaliza ile mpya.

Uzi unahitaji siku ngapi kuusahau mwili wa kwanza?