Nimewatibu Majirani Niliotakiwa Kuwaacha

Bi Mwajabu, shikamoo. Najua unaletewa barua za ndoa na za mawifi na sijui kama ishu yangu inaingia kwenye ukurasa wako, lakini sina pa kuipeleka, mume wangu nimemwambia nusu, mchungaji sijamwambia kabisa, na kazini ndiko penyewe palipo na tatizo, kwa hiyo nivumilie nikueleze yote, na jina langu naomba usilitaje.

Mie ni daktari, nina miaka arobaini na mitatu, kwetu ni Mbeya lakini naishi Bunju mwaka wa tisa sasa. Sio daktari wa kutibu tu, ni mtafiti pia, wa presha na figo, yaani asubuhi nazunguka wodini, mchana nipo kliniki, jioni naandika ripoti za utafiti, na katikati ya hapo naandika maombi ya fedha za utafiti mwingine, maana huu wa sasa ukiisha na mkataba wangu unaisha. Wenzangu niliosoma nao wamefungua kliniki zao Msasani, wana viyoyozi, wagonjwa wanakuja kwa miadi, mie bado naandika maombi. Silalamiki, njia hii niliichagua mwenyewe, nilichoka kuona watu wanaletwa wodini figo zimeshakufa kwa presha ambayo hakuna aliyewahi kuipima, nikasema ngoja nitafute namna ya kuwawahi hukohuko mitaani. Ila nimechoka, Bi Mwajabu, nimechoka mpaka mswaki napiga nimekaa.

Utafiti wenyewe uko hivi. Tulichukua mitaa kumi na miwili, ikapigwa kura. Sita inatembelewa kila mwezi na mhudumu wa afya, anawapima presha na kuwapelekea dawa mpaka nyumbani, na sita inaachwa iendelee kama kawaida, anayeumwa aende zahanati mwenyewe, halafu mwisho tunalinganisha ni wapi presha zimeshuka. Tukionyesha kwamba mitaa inayotembelewa inafanya vizuri kuliko mingine, serikali inaweza kukubali wahudumu hao wapelekwe kila mahali. Hicho ndicho nilichokisotea miaka yote. Sasa kura ilipopigwa, mtaa wangu mwenyewe, huu ninaokaa, ukaangukia kwenye ile sita ya kuachwa. Ningesema siku ileile kwamba nakaa hapo, mkuu wetu angeutoa. Sikusema. Nilijiambia nitakaa mbali na majirani mpaka utafiti uishe.

Nitakaaje mbali na Mzee Mwinshehe? Wakati najenga, mie nashinda zamu hospitali, yeye ndiye aliyenilindia saruji, na maji ya kufyatulia matofali yalitoka kisimani kwake. Vijana wetu wa utafiti, ambao kupima wanapima mitaa yote kumi na miwili, walipompima walimkuta na mia moja tisini na tano kwa mia moja kumi na tano, wakamwandikia barua ya kwenda zahanati kama utaratibu unavyotaka, akaenda, dawa zimeisha, akarudi wiki iliyofuata, bado, akarudi tena, akaambiwa aje Jumatatu. Akaja kwangu Jumapili, ndio kwanza natoka kanisani, kashika ileile barua, akasema, "Daktari, mie jirani yako, nife na karatasi mkononi?" Nikaingia ndani nikatoa mashine yangu nikampima, nikampa vidonge. Wewe ungefanyaje?

Sasa Mzee Mwinshehe hana kifua cha kuweka jambo. Jumapili iliyofuata akamleta dada yake, Bi Tunu, Bi Tunu akawaleta wenzake wa kikoba, na leo tunavyozungumza ni watu kumi na tisa, karibu wote wenye presha walioandikishwa mtaani kwetu, kila Jumapili mchana wamejaa barazani kwangu kwa nyuma, wananiletea ndimu na mihogo, nawapima, nawapa dawa, mwaka na nusu sasa, na kila kitu nimekiandika kwenye daftari, nani, lini, dawa gani, maana mtafiti hata akikosea anaandika. Na presha zao zimetulia kuliko za wagonjwa wangu wa kliniki.

Tatizo ni kwamba vijana wa utafiti wakipita kuwapima na kuwauliza kama kuna dawa yoyote wanatumia, wote wanajibu hapana. Sikuwatuma, naapa. Wananistiri. Wanaona nikijulikana nitafukuzwa, na kwa kweli hawajakosea. Kijana mmoja alimbana Bi Tunu, mama, presha imeshukaje hivi bila dawa, Bi Tunu akamwambia, "Sie hapa tunakunywaga madafu." Waliofuata wote wakasema madafu.

Mkuu wetu, Profesa Wilfred, alipoziona takwimu za mtaa huo aliinuka kwenye kiti. Ana miaka sitini na mbili, sijawahi kumwona na furaha namna ile. Akatuma watu wakaulize, madafu mangapi kwa siku, ya asubuhi au ya jioni, na majirani zangu wakajibu kwa nyuso kavu kabisa. Ameshaandika makala. Inatumwa kwenye jarida la nje mwisho wa mwezi huu, na baadaye atakwenda kuyasema redioni, na jina la kwanza kwenye makala ameweka langu, kwa kunipa zawadi, kwa sababu anajua nikipata makala moja kubwa kama hiyo napandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi na mkataba unakuwa wa kudumu. Akaniambia, "Mwanangu, umesota sana, hii ni yako." Nikasema asante. Nikaenda chooni nikalia.

Nikisema ukweli namwaibisha mtu aliyenilea kwenye kazi hii, utafiti unaweza kufutwa, vijana kumi na mmoja wakakosa kazi, na hakuna atakayeniamini tena na mgonjwa wala takwimu. Nikinyamaza, makala inatoka. Nimefikiria hata kuacha kazi kimyakimya, nifungue duka la dawa hapo Boko, yaishe. Mume wangu Praygod anasema nyamaza, wangapi wamefika juu na mambo yao mfukoni. Niambie nifanye nini, mie hata kufikiri kumenichosha. Namba yangu ya simu nimeiandika chini kwa ajili yako tu.

Mchovu wa Bunju

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, usinune, nilicheka kwa ajili ya huyo Bi Tunu wako. Mara ya pili niliinuka nikaenda kumeza kidonge changu, maana presha ninayo mwaka wa kumi na sita huu. Kwa hiyo unaongea na mgonjwa, na mgonjwa ndiye anayekujibu.

Umeniuliza ningefanyaje siku ile ya barua mkononi. Ningempa dawa. Angekuwa jirani, asingekuwa jirani, mtu ana presha ya kumwangusha na zahanati inamwambia njoo Jumatatu, unampa dawa. Kwa hilo sikugombezi. Nakugombeza kwa Jumatatu yenyewe. Ulikuwa uende kwa mkuu wako asubuhi ile ukamwambie, mtaa wangu utoeni, mie nimeshindwa kuwaacha watu hawa. Yalikuwa maneno ya dakika kumi, ukayakalia mwaka na nusu, na sasa yamekuwa mazito hayabebeki.

Na hili la makala, la haula, hapana! Hivi wewe watu wa mji huu unawajua au unawapima tu? Profesa akitamka redioni kwamba madafu yanashusha presha, kesho yake vidonge viko jalalani. Mie mwenyewe na utu uzima wangu ningeviacha. Unadhani tunavipenda? Vinatuamsha kukojoa, vinatuvimbisha miguu, na kila siku ya Mungu vinatukumbusha kwamba tunaumwa. Sote tunasubiri tu mtu msomi atupe ruhusa ya kuacha. Halafu baada ya miezi sita mtu huyo ataletwa wodini kwako mdomo umepinda, na ukimuuliza dawa aliacha lini, atakwambia tangu alipowasikia. Utamwambia nini mwanawe aliyembeba mgongoni?

Tena liko lingine, labda uchovu umekuzuia kuliona. Kazi yenu yote ni kuonyesha kwamba mtu akifuatwa nyumbani na dawa anaendelea vizuri. Sasa mtaa wa kuachwa nao ukionekana unaendelea vizuri, wakubwa si watasema wahudumu wa nini? Wazee kumi na tisa umewasaidia, sikatai, na Mungu atakulipa. Lakini kimya chako kinakwenda kuwanyima dawa maelfu ambao hawana bahati ya kupakana na nyumba yako.

Mumeo mwambie nimemsikia. Mwambie mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii watakaokufa ni watu wengine, wewe utabaki hai na makala yako.

Haya, nisikilize. Hilo daftari ndilo litakalokuokoa, usilichane, usiongeze kitu, usifute kitu. Kaa na Profesa macho kwa macho, usimtumie meseji, na usianze na machozi wala historia ya saruji. Anza hivi: "Makala ile si ya kweli, na kosa ni langu." Halafu mpe daftari alisome mwenyewe. Atafoka. Mwache afoke, ana haki yake, mtu alikuwa na furaha ya uzeeni umemharibia. Akimaliza, nendeni wote wawili kwenye kamati yenu ya maadili kabla hamjaitwa. Nimemuuliza mtu mmoja anayeijua kazi yenu, kaniambia mtaa mmoja ukiharibika na kumbukumbu zake zipo, wanaweza kuutoa na kazi ya mingine ikaendelea, au wasikubali, hiyo ni juu yao. Vijana wako kumi na mmoja wana nafasi nzuri zaidi ukisema wewe kuliko wakigundua wao.

Wale wazee, nakuonya, usije ukawakatia dawa kwa hofu hata wiki moja. Waandikie rufaa, mtafute daktari mwenzako awapokee, na mara ya kwanza uwasindikize mwenyewe, maana wanakuamini wewe na hawamjui yeye. Na Jumapili hii waambie hapohapo barazani kwamba wakiulizwa kuhusu dawa waseme kweli. Najua wanakupenda. Sie watu wa pwani tukimpenda mtu tunamfunika mpaka anakosa pumzi. Waambie hivyo, Mzee Mwinshehe ataelewa.

Duka la dawa Boko lisahau kwanza. Mtu hafanyi uamuzi wa kuacha kazi akiwa anapiga mswaki amekaa. Omba likizo, lala, kula, upimwe na wewe hiyo presha, halafu ukiwa na nguvu ndiyo uamue kama kazi hii bado unaitaka. Na sikudanganyi kwamba utatoka salama. Uhadhiri mwandamizi huenda ukaupoteza, mkataba pia, na kuna watakaokucheka. Inauma na itauma muda mrefu. Ila hakuna mgonjwa atakayeacha kidonge kwa sababu yako.

La mwisho. Majina yote ya kwenye barua nimeyabadilisha. Jumatano nilikupigia ile namba, nikakuuliza kama niondoe na habari ya madafu, niandike kitu kingine, maana yeyote wa kazini kwenu akiisoma atajua ni nyie. Ukasema, "Acha tu, Bi Mwajabu." Nimeiacha kama ilivyo. Leo Jumamosi, na Profesa naye ananunua gazeti kama watu wengine. Mpigie sasa hivi umwambie unakuja kwake, kabla hajafika ukurasa huu.