Wa Kunichangia Damu

Jumatatu, 4 Mei
Nimechelewa kufungua duka. Ngazi zimenishinda, nimekaa katikati kama robota la vitenge. Nahema. Moyo unadunda hadi masikioni. Na jana tu nimekunywa kisusio, supu yetu Wachaga ya damu ya mbuzi, bakuli mbili. Mtu wa kisusio anaishiwaje damu?

Jumanne, 5 Mei
Anaishiwa. Daktari kanisema sana. Miezi yote hii hedhi inamwagika, mimi najiambia ni umri. Kumbe uvimbe kwenye kizazi. Damu ndiyo inayobeba hewa kutoka mapafuni kuisambaza mwilini; ikipungua, moyo unahangaika kuzungusha hiyo hiyo kidogo. Kisusio kinaishia tumboni, hakiingii kwenye mishipa. Nimeona aibu. Nimelazwa. Hawanipasui mpaka niongezewe damu, na akiba yao imepungua. Nesi: "Mama, lete ndugu wa kuchangia." Ndugu gani? Wote wako Moshi.

Jumatano, 6 Mei
Nimeandika kwenye grupu la jumuiya yetu ya kanisani. Wamejaza viganja vya maombi. Hakuna aliyesema anakuja. Barabara ya Jangwani imejaa maji ya mvua, kila mtu ana sababu. Kaka kapiga: "Pole dada, tuko pamoja." Pamoja wapi? Miaka yote dukani Kariakoo wateja wananiita mama, shangazi. Naogopa kufa. Nina hasira pia.

Alhamisi, 7 Mei
Mama Zuhura kaja. Wa duka la jirani. Hatusalimiani tangu nilipoanza kusimamisha sanamu la kuonyeshea nguo mbele ya mlango wake. Aliona kwangu kumefungwa, akauliza wapagazi, wakamwambia nimelazwa. Kanitazama, kaenda moja kwa moja kutolewa damu. Karudi na pamba mkononi. "Usinishukuru. Ukitoka hapa, lile sanamu lako uliondoe."

Ijumaa, 8 Mei
Damu inaingia tangu asubuhi. Ya baridi, imetoka kwenye friji. Mkono wote umepoa. Nimeuliza kama ni ya Mama Zuhura. Nesi kasema hapana, kundi lake si langu, yake itamfaa mwingine. Hii ni ya mtu nisiyemjua. Nilitaka kumwombea, sina jina lake.

Jioni pumzi imetulia. Mama Zuhura kaleta uji. Kakaa. Alipoondoka, mgonjwa wa kitanda cha pili kauliza yule ni nani wangu. Nimemwambia ni ndugu yangu.