Ugonile, Mungu

Kawetele, Tukuyu

Mjukuu wangu Lusungu,

Wengi hukosea wakidhani kusali ni kumwagiza Mungu kama mtu wa kutumwa sokoni. Ndiyo maana uliniuliza, "Babu, tulimwombea mama akafa. Nikaombe nini Kigoma, mwaka mzima wa kujitolea?"

Nami sikusali miezi mitatu baada ya kumzika mama yako, binti yangu. Kisha asubuhi moja nilimsalimia Mungu kwa Kinyakyusa, "Ugonile?" yaani umelala salama? Nikacheka, maana Mungu halali. Sikupewa kitu, lakini upweke ulipungua.

Baba yako hakutaji tangu uondoke bila kumuaga. Jana nilimkuta anashona zipu ya begi uliloliacha. Mpigie leo, umsalimie.

Babu yako akupendaye,
Geresoni